GNU ddrescue kwenye seva yenye diski inayokufa: uzoefu wangu

Kwa kuokoa data ya seva, GNU ddrescue ndiyo zana ninayoitanguliza, nayo ni ya bure. Amri ya kawaida ya dd husimama ikikuta sekta (kipande kidogo cha diski) isiyosomeka. Ddrescue huiruka, hukusanya kwanza vinavyosomeka kirahisi, kisha hurudi kung'ang'ania vilivyobaki. Mpangilio huo ndio thamani yake yote, maana diski mbovu huzidi kuharibika kadiri inavyolazimishwa kusoma.

Kwenye Debian na Ubuntu pakiti inaitwa gddrescue. Dd_rescue ni programu nyingine kabisa.

Anza na smartctl -a, amri inayoonyesha afya ya diski: thamani ghafi za namba 5, 197 na 198 (hesabu za sekta mbovu) zikipanda, acha kila kitu na unakili. Usiendeshe fsck (amri ya kurekebisha mfumo wa faili) kwenye diski hiyo, kwa sababu fsck huandika. Ikiwa inagonga-gonga au BIOS haiioni, zima umeme. Hiyo ni kazi ya maabara.

Washa seva kwa fleshi ya SystemRescue (Linux ya uokoaji), unganisha diski kwa SATA moja kwa moja (vifaa vingi vya USB hujikata sekta mbovu zikianza), kisha linganisha namba za utambulisho (SERIAL) za lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL na lebo za diski zenyewe. Hapa chini /dev/sda ni chanzo kibovu, /dev/sdb ni lengwa. Ukigeuza chanzo na lengwa, umefuta data. Diski pokezi iwe na ukubwa uleule au zaidi.

ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb /mnt/usb/diski.map

ddrescue -f -d -r3 /dev/sda /dev/sdb /mnt/usb/diski.map

Amri ya kwanza huchota vyepesi. Ya pili hurudia sekta ngumu mara 3. Faili ya ramani (diski.map, inayorekodi kilichosomwa na kilichobaki) ikae kwenye diski ya tatu. Umeme ukikatika, kazi inaendelea ilipoishia. Bila ramani unaanza upya. Diski nzima ya TB 4 kwa MB 120 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 9, na mbovu inaweza kula siku kadhaa.

RAID 5, safu ya diski inayovumilia kufa kwa diski moja tu, ndiyo inayowaponza wengi. Diski moja imekufa, wanaweka mpya, na ujenzi unapoanza, ya pili inakutwa na sekta mbovu, safu yote inaanguka. Nakili hiyo ya pili kwanza, chomoa ya zamani (nakala ina UUID, yaani kitambulisho, ileile), angalia kama hesabu ya Events ya diski zote inakaribiana kwa mdadm --examine (mdadm ni zana ya RAID ya Linux), kisha unganisha safu kwa mdadm --assemble --force. Amri ya --create usiiguse: huandika vichwa vipya vya safu.

Kasoro yake ninayoiona kubwa ni kwamba nakala huficha madhara. Sekta zisizookolewa husomeka kama sifuri kwenye diski mpya, bila kosa lolote, na hifadhidata huzimeza. Dawa ipo ndani ya programu yenyewe: tengeneza nakala ya pili (hapa /dev/sdc), andika neno la alama kwenye alama.txt, kisha

ddrescue -f --fill-mode=- alama.txt /dev/sdc /mnt/usb/diski.map

Amri hiyo hujaza alama kwenye sekta zisizookolewa. Pachika (mount) nakala hiyo kwa kusoma tu, tafuta alama kwa grep -rl, utapata orodha ya faili zilizoumia. Hizo ndizo za kurudisha kutoka kwenye bekapu. Kwa InnoDB (injini ya hifadhidata ya MySQL) isiyowaka, pandisha mpangilio wa innodb_force_recovery hatua kwa hatua kuanzia 1. Kuanzia 4 inaweza kuharibu data moja kwa moja, kwa hiyo fanya hivyo juu ya nakala pekee.