Birika la kioo: soma hapa kabla hujatoa hela

Nianze kwa haki: chai ikiwa ndani ya birika lile inapendeza. Unaiona rangi, unaona tangawizi inavyozama, wageni wanasifia. Kama wiki mbili hivi nilijiona wa maana.

Ikaja asubuhi moja ya msimu wetu wa baridi, mwezi wa sita au wa saba, ule upepo wa Dodoma unaokuvalisha sweta mpaka saa nne. Birika lilikuwa limelala dirishani, juu ya sementi. Nikachemsha maji kwenye sufuria, nikamimina. Tak! Ufa ukazunguka kitako kama umechorwa. Nanyanyua, kitako kinabaki mezani, mimi nimeshika mpini na maji ya moto yanatiririka kwenye kanga. Mguu ulipona kwa bahati tu.

Nikarudi dukani na vipande kwenye mfuko. Muuzaji yule yule aliyeniapia "hili la moto kabisa dada, hata jikoni unabandika" hakuinua hata macho kwenye simu.

"Kioo ni kioo, mama. Ungelipasha kwanza."

Siku ya kununua mimi ni dada, siku ya kulalamika nimeshakuwa mama!

Na kinachoniuma ni kwamba hakukosea. Maji ya moto yakigusa kioo, upande wa ndani unatanuka hapo hapo, wa nje bado una baridi ya usiku, maana kioo hupitisha joto polepole. Pande zinavutana, kinapasuka. Kikiwa kinene ndiyo mbaya zaidi, na mimi nililichagua kwa unene wake! Sufuria ya alumini haina maringo hayo, joto linaenea upesi. Kuna kioo cha maabara, borosiliketi, hicho hutanuka kama theluthi tu ya kioo cha kawaida, ndiyo maana kinavumilia. Kama langu lilikuwa borosiliketi, basi Dodoma kuna bahari.

Nilitaka kuandika kwamba nusu ya kosa ni langu, na kwamba ukilisuuza kwanza kwa maji ya vuguvugu utalifaidi. Lakini nikilikumbuka lile "mama", hapana. Shilingi 25,000 zangu! Msinunue. Au nunueni, ila kwa mtu atakayewaambia ukweli kabla ya kupokea hela.

Kifuniko kilipona. Nafunikia bakuli la sukari, kimekaa sawasawa.