Kilishio cha ndege chenye kamera: uzoefu wangu

Nianze na hukumu. Kama kilishio nakipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Kama kamera, mbili. Anayekinunua akitarajia picha za kutundika ukutani atajuta. Anayetaka kujua ni ndege gani wanaoingia bustanini, saa ngapi na kwa wingi gani, kitamfaa sana, mradi akubali kukirekebisha. Jinsi kinavyotoka kwenye boksi kina makosa yanayosumbua ndege na mpiga picha kwa pamoja.

Ni cha muundo ule uliozoeleka: kisanduku cha plastiki chenye tangi la mbegu la lita 1.5, kamera katikati ya tangi, trei ndogo mbele yenye kijiti cha kutua, betri ya ndani, paneli ya sola kwenye paa na programu ya simu.

Kuunganisha ndiko kunakowashinda wengi siku ya kwanza. Kamera hii inatumia Wi-Fi ya masafa ya 2.4 GHz peke yake. Ruta nyingi hutangaza 2.4 na 5 GHz kwa jina moja, simu ikashika ile ya 5 na kamera isionekane. Tenganisha majina kwenye mipangilio ya ruta, au zima 5 GHz hadi usajili uishe. Fanya kazi hiyo ndani ya nyumba, mita mbili kutoka kwenye ruta, kabla hujapanda ngazi. Na ukishakifunga nje, kumbuka kwamba majani mabichi yamejaa maji na maji hunyonya mawimbi ya redio: mahali palipokuwa na mtandao mzuri mti ukiwa umepukutika patakuwa na mtandao dhaifu ukishachipua.

Mahali pa kukiweka pana uzito kuliko kifaa chenyewe. Nguzo ya mita 1.6 hivi, yenye koni ya bati chini ya kilishio ili panya na paka wasipande. Kichaka kiwe mita mbili au tatu kando: karibu kiasi cha ndege kukimbilia mwewe akitokea, mbali kiasi cha paka kutoweza kuruka kutoka mafichoni. Kwa upande wa madirisha, ama kilishio kiwe ndani ya mita moja kutoka kwenye kioo, ama kivuke mita kumi. Ndege anayeshtuka karibu na kioo hajapata kasi ya kuumia. Anayetoka mita nne au tano anakigonga akiwa ameshashika mwendo, na kioo kwake ni anga tu.

Halafu mwanga. Maelekezo ya kwenye boksi hayasemi neno, na hapo ndipo picha nyingi zinapoharibikia. Kamera ikitazama jua au anga tupu, inapima mwanga wa nyuma na ndege anatoka mweusi kama kivuli. Katika kizio cha kaskazini igeuze itazame kaskazini, katika kizio cha kusini itazame kusini. Karibu na ikweta jua hubadili upande kati ya Juni na Desemba, kwa hiyo geuza mara mbili kwa mwaka. Inamisha kisanduku kidogo mbele ili nyuma ya ndege paonekane nyasi au ua wa miti badala ya mawingu. Tatizo ni kwamba paneli ya sola imegandishwa kwenye paa, hivyo mwelekeo mzuri kwa picha mara nyingi ni mbaya kwa chaji. Chagua aina yenye paneli iliyounganishwa kwa waya, uifunge peke yake kwenye jua. Hii yangu haina, na ni kasoro ya ubunifu.

Lenzi haina fokasi ya kurekebisha, yaani umbali inaoona vizuri hauhamishiki. Kuujua, andika herufi kubwa na ndogo kwenye karatasi, isogeze kutoka sentimita 10 hadi 60 mbele ya kamera, kisha tazama video uone herufi zinaanza kusomeka wapi. Kwangu zilisomeka vizuri kuanzia sentimita 20. Lakini trei inaanza sentimita 12 kutoka kwenye lenzi! Yaani ndege anayeinama kula sehemu ya ndani, ambako mbegu hujazana, kichwa chake kiko nje ya fokasi muda wote. Dawa yake ni kipande cha ubao kinachoziba sentimita nane za ndani za trei, mbegu zikabaki upande wa nje.

Kijiti nacho kimewekwa vibaya. Kimelazwa sambamba na uso wa kamera, na ndege hukaa akikikata kijiti kwa mwili wake, kwa hiyo anaikabili lenzi uso kwa uso. Kwa lenzi pana, inayoona eneo kubwa, na kwa umbali mfupi hivyo, mdomo ukiwa sentimita 15 na mkia 30, mdomo unachorwa mara mbili ya kipimo cha mkia: shomoro anaonekana ana jembe usoni. Ng'oa kijiti, weka kingine kinachochomoza kwenda nje, mbali na kamera, kirefu cha sentimita 15 na kinene kama kidole. Ndege atakaa ubavu, bawa lote na mkanda wa jicho vitaonekana, na utambuzi utakuwa rahisi kwako na kwa programu pia. Ni marekebisho ya dakika kumi, nayo ndiyo yaliyonifanya nisikirudishe.

Kihisi cha mwendo hufuata joto linalosogea. Ndiyo maana tawi lililopigwa na jua likapepea hukuletea video arobaini za majani, na ndiyo maana adhuhuri ya joto kali, hewa ikikaribia joto la uso wa manyoya, ndege mdogo anakula akaondoka bila kuonekana. Kata matawi yote ndani ya mita mbili mbele ya kamera, weka wepesi wa kihisi katikati, urefu wa video sekunde 20. Pia kamera huchukua sekunde moja hadi mbili kuamka, hivyo kutua kwa ndege hutakuona kamwe. Video ni pikseli 1920 kwa 1080. Fremu moja ukiichapa kwa nukta 300 kwa inchi inatoa sentimita 16 kwa 9, na hapo ni kabla hujakata chochote. Alfajiri na jioni kamera yenyewe hupunguza kasi ya shata (mlango unaoruhusu mwanga uingie), ndege anayesogea akatoka amefifia, na hakuna mahali pa kuizuia.

Utambuzi wa spishi niuseme kwa ufupi: kwa dume aliyekomaa mwenye rangi zake unaaminika, kwa majike, makinda na ndege wa kahawia wenye michirizi, ni kubahatisha. Hakikisha umeweka eneo lako sahihi kwenye mipangilio, la sivyo utaambiwa umetembelewa na ndege wa bara jingine.

Sasa chakula. Mbegu nyeusi za alizeti peke yake ni bora kuliko mchanganyiko wa bei ya chini uliojaa nafaka. Ndege wa mdomo mnene huchagua alizeti na kumwaga mengine chini, na uliyemkaribisha ni panya. Karanga ziwe mbichi, bila chumvi, zisizo na dalili ya ukungu, kwa sababu sumukuvu huua ndege. Msimu wa kulea makinda usiziweke nzima kwenye trei. Zitie kwenye wavu wa chuma ili mzazi amegue vipande, maana karanga nzima inaweza kumkaba kinda. Mkate hujaza tumbo bila kulisha. Tangi usilijaze: theluthi moja, kiasi cha kuisha ndani ya siku mbili au tatu. Kamera ikiwa katikati ya tangi, mbegu zinaganda kwenye kona mbili nyuma yake, na kona hizo hazifikiwi na mkono. Mvua ya upande ikiingia, ukungu huanzia hapo, wakati mbegu za mbele bado zinaonekana safi.

Trei ina matundu manne ya kutolea maji, ya milimita 2, yanayozibwa na maganda kwa siku moja. Nimetoboa sita zaidi kwa drili ya milimita 4. Alizeti haipiti, nafaka ndogo zitapita, sababu nyingine ya kutozitumia.

Nyota nyingi nimeziondoa kwenye usafi. Trei bapa ni mahali ambapo ndege mmoja anakula juu ya mate na kinyesi cha mwingine, na hili si jambo dogo. Mwaka 1994 ugonjwa wa macho unaoletwa na bakteria Mycoplasma gallisepticum ulionekana mashariki mwa Marekani kwa chiriku wa aina ya Haemorhous mexicanus, ukaenea kwa kasi, na kugusana kwenye vilishio ni njia mojawapo. Uingereza, kuanzia 2005, kimelea Trichomonas gallinae kimewapunguza vibaya chiriku wa kijani, Chloris chloris. Hicho husambaa kwa mate, na chakula kilicholowa hukisaidia.

Kwa hiyo kila wiki, bila kujali kinavyoonekana: toa kamera, mwaga mbegu zote zilizobaki, sugua kwa brashi na maji moto ya sabuni, suuza, kisha loweka dakika kumi kwenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa maji sehemu tisa. Usiichanganye na kisafishaji kingine chochote. Suuza tena mpaka harufu iishe na kikauke kabisa kabla ya kujaza. Vaa glavu, fanyia nje, mbali na vyombo vya jikoni, kwa kuwa kuna salmonela, bakteria wa kuharisha. Lenzi iguse kwa kitambaa laini chenye maji tu. Hapa kamera ina faida moja ya kweli: inakuonyesha mgonjwa kwa karibu. Ukimwona ndege aliyejifumua manyoya, mdomo umelowa, macho yamevimba au hataki kuruka, ondoa kilishio kwa wiki mbili au zaidi ili kundi litawanyike.

Kwa picha nzuri, kitumie kama mpelelezi. Saa zilizoandikwa kwenye video zinakuambia lini wanakuja na wanaingilia upande upi. Upande huo simika tawi lenye gome zuri, mita moja kutoka kwenye kilishio, nyuma yake pawe wazi mita sita au zaidi. Watatua hapo kusubiri zamu. Ukiwa kwenye hema la maficho mita nne kutoka kwenye tawi hilo, lenzi ya 400 mm inachukua upana wa sentimita 36 hivi kwa kamera yenye sensa (kipokea mwanga) kubwa, na kama 23 kwa sensa ndogo zaidi ya APS-C, ambao unamtosha ndege wa sentimita 14. Kina cha fokasi, yaani unene wa eneo linaloonekana vizuri, kwa tundu la lenzi la f/5.6 kwenye sensa kubwa ni sentimita 3 na kidogo. Kwa f/8 karibu 5. Hivyo tawi lisimamishwe ili ndege akae ubavu, fokasi iwe kwenye jicho, shata sekunde 1/1000 akiwa ametulia na 1/2500 kwa bawa linalofunguka. Hema liache siku kadhaa bila mtu ndani kabla ya kuanza.

Porini sikipendekezi. Bila Wi-Fi hii yangu haitunzi chochote, hata ikiwa na memori kadi ndani. Kamera ya kuvizia wanyama itafaa zaidi. Na kabla ya kununua, kagua kifuniko cha mpira cha tundu la chaji. Changu kilichanika kwenye bawaba yake, maji yakaingia, na kampuni haiuzi kifuniko peke yake; nimeziba kwa silikoni na chaji yote sasa inategemea sola.