Kushuka mlima kwa baiskeli ya injini: uzuiwe na injini au na breki?

Ukifunga mafuta (yaani ukiachia akselereta) bila kushika klachi, gurudumu la nyuma ndilo linaloizungusha injini, nayo inaivuta baiskeli nyuma. Raba za breki zinapona, rimu haipati moto. Shida iko kwenye injini ya mapigo mawili: oili yake huingia ikiwa imechanganywa na petroli. Kabureta (kifaa kinachoingiza petroli kwenye injini) ikifungwa, pistoni inaendelea kwenda mbio huku oili ikiingia kidogo mno. Mteremko ukiwa mrefu, inaweza kukwaruza silinda au kukwama kabisa. Kwa hiyo kila sekunde chache fungua mafuta kidogo, kisha ufunge.

Angalia na cheni. Injini ikizuia, upande wa chini ndio unaokazika, na kwa kawaida kikaza cheni kimefungwa hapo hapo. Bolti zake zikilegea, kinageuka na kuingia kwenye spoki. Hilo ni baya kuliko raba kuisha.

Injini ya mapigo manne haina tatizo la oili, maana inayo yake ndani.

Breki zenyewe zina nguvu zaidi, hasa ya mbele. Shika klachi, injini ingurume taratibu. Usizibane mfululizo: rimu ikichemka, tyubu inaweza kupasuka. Bana kwa nguvu, achia, bana tena.

Kwa mapigo mawili, breki zifanye kazi kubwa. Injini isaidie kwenye miteremko mifupi tu.