Mafuta ya mbwa ya 18,000: manyoya yanang'aa, mvi ziko palepale

Mbwa wangu anaitwa Mkaa. Tulimpa jina hilo kwa sababu alikuwa mweusi tii, ukimwita usiku unaona macho tu yanakuja. Sasa ana miaka 11. Mvi zilianzia kidevuni, zikapanda mdomoni, siku hizi zimemzunguka macho kama miwani. Jirani yangu hapa Rau kila akipita getini: "Mama Neema, mkaa umekwisha, limebaki jivu." Namjibu jivu nalo linasugulia sufuria, lakini moyoni liliniuma.

Nikaingia duka moja la dawa za mifugo, si mbali na soko la Mbuyuni. Kijana wa kaunta akanitolea chupa ya mafuta ya samaki, mililita 250, shilingi 18,000. "Mama, kijiko kimoja kwa siku, mwezi haupiti weusi umerudi." Nyuma yake amekaa mwenye duka, kichwa cheupe kama pamba. Wala sikujiongeza. Nikalipa.

Kifuniko kinavuja. Niliiweka chupa kikapuni pamoja na kitenge, na kitenge mpaka leo kinanuka dagaa. Mkaa lakini anayapenda: nikimchanganyia kwenye ugali analamba mpaka sufuria inazunguka uwanja mzima. Siku za mwanzo aliharisha, kosa langu, nilianza na kijiko kizima. Wewe anza na nusu. Wiki ya tatu manyoya ya mgongoni yakawa laini, yanang'aa, mba imepungua. Mvi? Naona ndiyo zimezidi kuonekana, maana weusi uliobaki umetakata.

Daktari wa mifugo alipokuja kumchoma chanjo ya kichaa ya mwaka, nikamwonyesha chupa. Alicheka kwanza. Akasema rangi inatengenezwa na chembe hai zilizoko kwenye shina la unywele. Zikiisha, unywele unaota mweupe, na hakuna mafuta ya kuzirudisha. Wapo mbwa wanaoota mvi wangali vijana: utafiti wa Marekani wa mwaka 2016 uliangalia mbwa 400 wa mwaka mmoja hadi minne, na wenye wasiwasi na papara walionekana kuwa na mvi nyingi zaidi mdomoni. Mkaa hayumo humo, huyu ni uzee tu, ingawa fataki za mwaka mpya humsukumia chini ya banda la kuku.

Kisha akamfunua mdomo. Meno ya nyuma yote ugaga, fizi nyekundu. "Mama, ile elfu kumi na nane ungeianzishia hapa." Mimi miezi yote naangalia nje ya mdomo, ndani sijachungulia hata siku moja.

Mafuta nayapa nyota 3, maneno ya kaunta nyota 1. Chupa nyingine nitanunua kwa ajili ya ngozi yake, ila safari hii naenda na mfuko wa nailoni wa kuifungia.