Wakalimani wa Lugha ya Ishara katika Mafunzo ya Ufundi: Uzoefu Wangu

Mimi ni kiziwi tangu utotoni, na mwaka uliopita nilimaliza kozi ya uchomeleaji vyuma katika kituo kimoja cha marekebisho ya ufundi hapa Kenya, yaani kituo kinachowafunza kazi watu wenye ulemavu, ambacho sitakitaja jina. Ninachotathmini hapa si mafunzo yenyewe bali huduma ya ukalimani, kwa sababu nilihudumiwa na wakalimani wawili waliotofautiana kama mbingu na ardhi.

Wa kwanza alikuwa mfanyakazi wa kituo aliyewahi kuhudhuria semina fupi. Alijua alfabeti ya vidole na ishara za salamu, na kwa kweli alikuwa mkarimu kuliko alivyokuwa mkalimani. Siku ya tathmini, afisa aliponiuliza ningependa kujifunza kazi gani, nilieleza kwa dakika kadhaa kwamba nimekuwa nikimsaidia mjomba wangu katika karakana yake ya jua kali kutengeneza milango na madirisha, na kwamba nilitaka cheti ili nipate kazi za kandarasi. Midomo ya mkalimani ilifunguka kidogo ikafungwa. Afisa akaitikia kwa kichwa, akaandika. Jumatatu iliyofuata nilijikuta nimeketishwa mbele ya cherehani. Fomu yangu ilisema kwamba sikuwa na chaguo maalumu, na inaonekana kiziwi asiye na chaguo hupelekwa kushona. Kosa hilo lilichukua majuma matatu kurekebishwa, baada ya kuandika barua nikitaja kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010, kinachompa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara.

Hata nilipohamishiwa karakana, mambo hayakutengemaa. Mwalimu alipotuagiza tufunge athi kabla ya kuwasha mashine, yaani kile kibanio cha waya kinachoshikishwa kwenye chuma, ambacho jina lake limetokana na neno la Kiingereza "earth" lenye maana pia ya udongo, mkalimani alitufanyia ishara ya udongo. Sote wanne, wanafunzi viziwi, tulitazama sakafu.

Mkalimani wa pili alikuwa amesomea ukalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya. Kabla ya somo lake la kwanza alimwomba mwalimu maandishi ya wiki nzima, kisha akaketi nasi kukubaliana ishara za elektrodi, ampea na maneno mengine ya kazi. Pasipokuwa na ishara aliandika neno kwa vidole hadi tukapata moja inayotufaa. Yeye pia ndiye aliyegundua tatizo la ngao ya uso. Mwalimu wetu alizoea kueleza huku akichomelea, jambo lisilomsumbua anayesikia. Sisi, tukishusha ngao, hatukuona chochote isipokuwa ule mwanga mkali, na tukiipandisha ili kumwona mkalimani, tulihatarisha macho. Alimshauri mwalimu aeleze kwanza, achomelee sentimita chache, azime, ndipo aendelee kueleza. Sitaficha kwamba somo la saa moja lilianza kuchukua saa moja na nusu, na kwamba mwalimu alinung'unika.

Nina malalamiko mawili. Mkalimani huyu alifanya kazi peke yake kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, ilhali ukalimani mrefu huhitaji watu wawili wanaopokezana kila baada ya dakika ishirini au thelathini hivi. Kufikia saa tano mikono yake ilichoka na sentensi zikaanza kufupishwa, naye alituambia wazi kwamba anaachia mambo njiani. La pili, tulipopelekwa kufanya mazoezi kazini, hakuna aliyegharamia mkalimani, nikabaki kuandikiana na msimamizi kwenye simu.

Kwa kiziwi anayejiandaa kuingia kituo kama hiki, ushauri wangu ni kwamba aombe kukutana na mkalimani kabla ya siku ya tathmini, aulize alisomea wapi, na asitie sahihi fomu yoyote kabla ya kuisoma mwenyewe.

Katika kikao cha mwisho, afisa yuleyule alimgeukia mkalimani wa pili na kumuuliza kama kweli nitaweza kazi ya kiwandani. Mkalimani alinipa swali hilo kwa ishara, neno kwa neno, kisha akamwomba afisa aniangalie mimi. Nikajibu kwamba nitaweza, ila nahitaji ngao ya uso isiyoteleza.