Mbaazi za nazi zimetiwa samli, na mhudumu anasema "kula tu"

Mgahawa huu wa mboga tupu hapa Ngamiani ni wa zamani, wenyeji wa Tanga hawahitaji kuelekezwa. Watu wanaufuata kwa sababu moja: jikoni haliingii yai, samaki, maziwa wala samli, na kibao chao mlangoni kinasema hivyo. Ndiyo maana chai ya asubuhi juzijuzi imenichafua roho.

Maandazi hayana neno, yana iliki na yamechambuka. Lakini mbaazi! Chembechembe nyeupe zinaelea, mafuta yamejitenga juu. Hilo ni tui lililokatika. Mbaazi huiva kwanza kwa maji, ndipo unatia tui la pili, lile jepesi, pamoja na kitunguu na pilipili mbuzi nzima. Tui zito linaingia mwisho, moto umepunguzwa, unakoroga bila kuacha, likianza kutokota unaepua. Hawa wamemimina yote kwa mpigo juu ya mkaa unaowaka.

Tui kukatika ningewasamehe. Ila zimepoa kidogo tu chini ya feni, pembeni mwa sahani pakaganda utando wa njano wenye punjepunje. Mafuta ya nazi hayagandi kwa joto hili la Tanga. Ile ni samli, na harufu yake haijifichi. Mpishi kaona mchuzi umeharibika, akautia samli ung'ae.

Nikamuuliza mhudumu. "Samli si nyama, kaka, wewe kula tu." Akageuka kufuta meza nyingine.

Samli ni maziwa! Najua Wahindi wengi wasiokula nyama wanaila, na hiyo ni haki yao. Lakini kibao kimeahidi jingine, na kuna wateja ambao maziwa yanawadhuru.

Nilitaka kusema msikanyage pale. Lakini kisamvu chao cha mchana, jamani, kimetwangwa kwenye kinu kikalainika, kimechemshwa hadi ukali wote umekwisha, tui na karanga vimeshikana. Sijala kizuri kama kile mjini hapa. Na hapo ndipo hasira inapozidi, maana jiko linalokitia kisamvu tui namna ile haliwezi kusema mbaazi zimelishinda. Wamefanya uvivu, kisha wakaufunika kwa samli.

Mkienda, agizeni kisamvu na wali. Mbaazi ulizeni zimetiwa nini kabla hazijapakuliwa, na mkijibiwa "kula tu", inukeni.