Kerezo dogo la mezani, baada ya kulipima kwa kikombe cha penseli

Mwezi wa nne sasa natumia kerezo (mashine inayozungusha mbao huku ukiichonga kwa patasi) dogo la kuweka juu ya meza, lile linaloweza kuzungusha kipande cha kipenyo cha inchi 10, mota nusu hosipawa, mkanda wa kuhamisha kwa mkono kwenye puli ili kubadili kasi. Nimelikerezea mipini ya tupa na vishikio vya droo, na kote huko halikunipa shida. Kazi iliyonionyesha lilivyo hasa ni kikombe cha penseli cha binti yangu. Ana miaka 11, anachora kila jioni, na makopo ya plastiki yanapinduka kila anapochomoa penseli. Nilitaka kikombe chenye kitako kizito: kimo milimita 100, upana 75, tundu la 50, kina 85.

Kabla ya kuwasha mota nilisogeza mkia (upande unaoteleza, unaoshikilia mwisho wa mbao au biti) hadi ncha yake ikakutana na ncha ya upande wa kichwa, ule wenye mota. Zilikutana nukta kwa nukta. Hapo ndipo mtengenezaji aliponiridhisha, kwa sababu mkia ukikaa kando hata kidogo, tundu litatoka pana kuliko biti yenyewe na hakuna patasi itakayoliokoa. Pande zote mbili zina mchongoko wa Morse namba 2 (tundu linalopungua upana, la kuchomeka ncha na vifaa), na uzi wa mhimili unaozunguka ni wa inchi 1, meno 8 kwa inchi. Vipimo hivyo ni vya kawaida sana, kwa hiyo kishikio cha taya nne, kile kinachobana mbao upande mmoja, nilichokuwa nacho tangu zamani kiliingia bila kuhitaji adapta.

Nilichukua mbao ya mtiki iliyokauka vizuri, milimita 80 kwa 80, nikatafuta katikati kwa kupiga mistari miwili ya pembe kwa pembe, nikapunguza pembe kwa msumeno. Bobari (patasi yenye makali ya mviringo) ilikula pembe zilizobaki bila mtetemo wa kutisha, na maranda yakatoka marefu. Mtiki una silika ndani yake, unamaliza makali haraka. Nilinoa mara tatu kabla ya kufika umbo la mviringo. Patasi zinazokuja na kerezo hazifai kwa mbao hii. Ni za chuma cha kaboni: ukizigandamiza kwenye cherehe ya kunolea kidogo tu zinageuka bluu, na palipogeuka bluu ugumu umeondoka. Nunua za chuma cha kasi kubwa (HSS), kinachostahimili joto, tangu siku ya kwanza.

Baada ya kuchonga ulimi wa kushikwa na taya, nikageukia tundu, na hapo kerezo likashindwa. Kasi yake ya chini kabisa ni mizunguko 750 kwa dakika. Biti ya Forstner (biti pana ya kutoboa tundu lenye kitako bapa) ya milimita 50, ikiingia kwenye mwisho wa mbao uliokatwa kukingama na nyuzi, inataka kasi ya chini zaidi ya hapo, 500 au pungufu. Nilipoingia milimita 15 moshi ulianza na harufu ya kuungua ikajaa chumba. Ikabidi nitoboe kidogo, nirudi nyuma, nitoe taka, nisubiri chuma kipoe, nianze tena. Juu ya hilo, mkono wa mkia, ule unaosukuma biti ndani ya mbao, unatoka milimita 60 tu. Tundu la 85 halimaliziki kwa safari moja: unasimamisha mashine, unarudisha mkono, unasogeza mkia wote mbele, unakaza, unaendelea. Kazi ya dakika kumi ilinichukua karibu saa nzima.

Kilichoniudhi zaidi ni swichi. Unapotoboa umesimama upande wa mkia, na swichi iko kichwani, nyuma ya kipande kinachozunguka. Biti ikinasa, mkono wako lazima uvuke mbele ya kitu kinachozunguka ili uzime. Hili silisamehe. Nimefunga soketi yenye swichi yake kwenye mguu wa meza, ninaizima kwa goti, na yeyote mwenye kerezo la aina hii namsihi afanye hivyo kabla ya kutoboa chochote.

Kiegemeo cha patasi kilikuja na vikwaruzo. Nililainisha kwa tupa, basi.

Kwenye kumalizia liliniridhisha tena. Nilitoa kiegemeo, nikapiga msasa namba 120, 180, 240 na 320 bila kuruka hata moja, kisha mafuta ya kitani kwa kitambaa. (Kitambaa hicho usikikunje na kukitupa pembeni. Kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje kikauke.) Kitako nilikichimba kidogo katikati ili kikombe kisimamie ukingo wake.

Kwa hiyo, kwa mipini, vishikio na vitu vyembamba, linunue bila wasiwasi. Kama nia yako ni vikombe na mabakuli, tafuta lenye kasi inayoanzia mizunguko 250 hivi, hata kama utasubiri. Langu silirudishi. Penseli 24 za rangi zimesimama kwenye meza ya binti yangu bila kupinduka, na kipande cha pili cha mtiki kipo tayari kwenye taya. Hiki nitakitoboa tundu la milimita 35, la kalamu zangu.